Jioni, siku moja ya wiki au likizo ndefu: mtu wa kazi Mombasa apumzike vipi?

Sifa ya "Mombasa raha" tumepewa na wageni. Mtu akija siku nne, akalala hoteli ya Nyali na kupunga upepo Mama Ngina, akirudi kwao husema watu wa huku hawana haraka na dunia. Huyo hajasimama soko la Kongowea alfajiri malori ya vitunguu na viazi yakishusha, hajakwama nyuma ya matrela ya makontena Changamwe, wala hajampigia simu wakala wa forodha saa tano usiku akaona inavyopokewa kabla haijalia mara ya pili. Bandari inafanya kazi saa 24, na sehemu kubwa ya mji inafuata saa zake.

Kwamba mwili unahitaji kupumzika, hakuna anayebisha siku hizi. Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani walitoa hesabu yao mwaka 2021: anayefanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki ana hatari ya kupata kiharusi iliyo juu kwa asilimia 35 kuliko anayefanya saa 35 hadi 40, na hatari ya kufa kwa maradhi ya moyo yatokanayo na mishipa kuziba iliyo juu kwa asilimia 17. Sasa mchukue mwenye kibanda Majengo anayefungua saa moja asubuhi na kufunga saa mbili usiku, siku sita. Hizo ni saa 78, na bado hujahesabu safari ya kwenda Marikiti kununua bidhaa.

Ubishi uko kwenye namna. Kuna wanaosema pumzika kidogo kila siku, jioni ikifika kazi ifungwe. Kuna wanaosema fanya kazi siku sita bila kugeuka nyuma, kisha ya saba iwe yako nzima. Na kuna wale wa likizo: vumilia mwaka, uchukue wiki tatu kwa mkupuo, uondoke mjini kabisa. Nitaziweka njia hizi tatu mbavu kwa mbavu, nikiangalia gharama, nafuu inadumu muda gani, ni rahisi kiasi gani kuvurugwa, na jambo ambalo wengi hawaliulizi: ndani ya nyumba moja, ni nani hasa anayepumzika?

Upande wangu sitauficha. Kwa walio wengi naona jioni ndiyo ya kuanza nayo, siku ya wiki ndiyo ya kupigania, na likizo ndefu ndiyo tunayoitarajia kuliko inavyoweza kutoa. Lakini kuna kazi ambazo mpangilio huo hauzifai hata kidogo, na nitazifikia.

Saa moja ya jioni

Uzuri wa jioni ya Mombasa ni kwamba haikuhepi. Tuko nyuzi nne tu kusini ya ikweta, kwa hiyo jua halitubadilishii sana mambo: mwaka mzima linatua baada ya saa kumi na mbili na kabla ya saa moja. Anayetoka kazini saa kumi na moja ana saa moja na ushei ya mwanga, Januari na Julai karibu sawasawa. Jua la utosi limekwisha, upepo wa bahari unapuliza, na hakuna kiingilio cha kukaa ukutani.

Kwa walio kisiwani, chaguo la kwanza ni Mama Ngina na jirani yake Laithausi. Mama Ngina ilifanyiwa ukarabati mkubwa, na sherehe za Mashujaa za tarehe 20 Oktoba 2019 zikafanyiwa pale. Wapo wanaoipenda ilivyokuwa zamani, lakini mibuyu ipo, bahari ipo, na muuza mihogo yupo. Huyu wa mwisho mtazame kazini: anaparuza muhogo mbichi juu ya karai, vipande vyembamba kama karatasi vinaangukia moja kwa moja kwenye mafuta yanayochemka, vinajikunja, anavichota na chujio, anavimwagia chumvi na pilipili ya unga, anakupa kwenye mfuko na nusu ya ndimu. Ukiwa umekaa unatafuna, meli ya makontena inaingia mlangoni kuelekea Kilindini, karibu kiasi kwamba unawaona mabaharia wameegemea reli wakiutazama mji. Watoto wanawapungia mkono. Mara nyingine wanarudishiwa.

Hiyo ni starehe ya macho. Ipo ya akili, nayo ni ya maskani. Sabine Sonnentag, mtafiti wa Kijerumani aliyechunguza kwa miaka mingi jinsi wafanyakazi wanavyorudisha nguvu, ameonyesha kwamba mwili kuacha kazi hakutoshi. Akili nayo sharti iachane nayo. Unaweza kukaa ukutani Mama Ngina saa nzima huku unajibu ujumbe wa bosi, na ukarudi nyumbani umechoka vilevile. Kwenye bao, hilo haliwezekani. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, kila mchezaji ana zake 32. Unaanza na kumi tu ubaoni, sita kati ya hizo zikiwa ndani ya shimo liitwalo nyumba, na 22 mkononi za kunamua, yaani kuziingiza ubaoni moja moja. Ukisahau kuhesabu mahali kete yako ya mwisho itakapoangukia, mwenzako anakula na wazee waliozunguka wanacheka. Akili haina nafasi ya kontena lililokwama. Dhumna, drafti na karata zinafanya kazi hiyohiyo kwa kelele zaidi. Vijana wana kiwanja cha mpira, na ikiwa kazi yako ni ya kukaa kitini, kiwanja kinakufaa kuliko bao, kwa sababu mtu mzima anashauriwa apate walau dakika 150 za kutoa jasho kwa wiki. Nusu saa siku tano inatosha.

Kwa hiyo kwa gharama jioni haina mpinzani, na kwa kudumu pia, maana nafuu ya leo ikiisha kesho kuna nyingine. Taabu yake ni kwamba inaibiwa kirahisi. Mkazi wa Likoni anayefanya kazi kisiwani havuki feri kwa nauli akiwa kwa miguu, lakini anaivuka kwa foleni, na siku chombo kimoja kikiwa kibovu, Magharibi inamkuta bado yuko kwenye mteremko. Wa Kisauni na Bamburi ana daraja la Nyali. Ushauri wangu kwa hawa ni kutopigana na msongamano: pumzika upande huu kwanza, uvuke baadaye. Ikiwa saa moja ile utaipoteza kwenye foleni kwa vyovyote, heri uipoteze ukila muhogo.

Halafu kuna wale ambao jioni ndiyo soko lao. Bodaboda, muuza viazi karai, mama wa mahamri na mbaazi za usiku, muuza mishikaki. Nilisikia mzee mmoja maskani akimwita kijana wa pikipiki: "Mwanangu, hebu keti ucheze hata mkono mmoja." Kijana hakuzima injini. "Ami, nikiketi mteja atapita na mwenzangu." Hakuna nasaha ya kumshinda huyu kwenye hesabu hiyo, na anayemwambia ajipe raha jioni hamjui. Jioni yake inapaswa kuwa mchana. Mji wa Kale una desturi ambayo wageni huiita uvivu: baadhi ya maduka hufungwa baada ya Adhuhuri, mwenyewe akala, akalala kailula, akafungua tena alasiri. Saa hizo wateja ni haba na jua ni kali. Kwa mtu anayeuza usiku, kulala dakika ishirini au thelathini saa nane mchana kunampa zaidi ya saa mbili za kusinzia juu ya pikipiki akisubiri abiria.

Siku moja katika saba

Hapa sheria iko upande wako, ikiwa umeajiriwa. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa mfanyakazi siku ya mapumziko isiyopungua moja katika kila siku saba. Haisemi iwe Jumapili. Inaweza kuwa Ijumaa, inaweza kuwa Jumanne, mradi iwepo. Kanuni za mishahara za jumla nazo zinaweka wiki ya kawaida kuwa saa 52 zilizotawanywa katika siku sita, na ukifanyishwa kazi siku yako ya mapumziko au sikukuu, malipo ya saa hizo ni mara mbili. Wengi hawayajui haya, au wanayajua na kuyanyamazia kwa kuogopa kibarua kuota nyasi. Lakini kujua kunakusaidia hata katika kuomba kwa upole: "Bosi, siku yangu ya mapumziko iwe Ijumaa badala ya Jumapili" ni ombi jepesi zaidi ya "Bosi, nipe siku."

Jioni inakupa pumziko, lakini siku nzima inakupa mchezo, hasa ikiwa una watoto. Mtoto hachezi kwa saa moja akaridhika. Anataka aanze, achoke, agombane na mwenzake, wapatane, waanze tena. Na huwezi kuvuka kutoka Mikindani hadi Bamburi kwa saa moja ukabaki na muda wa kuogelea.

Wengi wetu siku hiyo tunaipeleka Pirates, yaani ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta. Kuingia ni bure, ngamia wapo, maboya ya kukodi yapo, na watu ni wengi kiasi kwamba mchanga hauonekani. Sina neno na wingi wa watu, ndio utamu wenyewe. Nina neno na wanaokwenda bila kuuliza maji. Familia inafika saa nne asubuhi, imebeba sufuria na mikeka, inakuta bahari imekupwa hadi mbali, watoto wanatembea juu ya majani ya bahari na mawe, na kufikia saa tisa, maji yanapojaa vizuri, kila mtu ameshaungua na jua na anataka kurudi.

Kujua maji si elimu ya wavuvi peke yao. Huku kwetu, siku za bamvua, yaani mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, bahari hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na jioni, na kupwa karibu na saa nne. Wiki moja baadaye, mwezi ukiwa nusu, mambo yanageuka: maji hujaa karibu na saa nne na kupwa saa kumi, tena kwa tofauti ndogo, ndiyo maji mafu. Kila siku saa za kujaa husogea mbele kwa dakika kama hamsini. Anayefuata tarehe za mwezi wa Kiislamu ana kalenda ya bahari mfukoni: karibu na mwezi mosi na kumi na tano nenda Pirates baada ya chakula cha mchana, karibu na mwezi saba au ishirini na mbili nenda asubuhi. Angalia lakini kwamba kwenye bamvua maji huja kwa wingi na kwa kasi, kimo chake kinaweza kupanda karibu mita nne kutoka kupwa hadi kujaa. Mtoto aliyekuwa amesimama kwenye maji ya goti saa nane, mahali palepale saa kumi hapafai. Mtu mzima mmoja awe na kazi ya kutazama tu, bila simu mkononi, na wabadilishane zamu.

Nimesema nitauliza nani anayepumzika. Jirani yangu mmoja, mama wa watoto watano, nilimkuta Jumamosi usiku anamenya vitunguu vya biriani. "Mama, kesho mwaenda Pirates?" Akajibu bila kuinua kichwa: "Wao waenda kucheza, mwanangu. Mimi naenda kupakua." Hapo ndipo siku ya wiki inapoanguka mtihani. Kwa baba na watoto ni mchezo. Kwa mama ni kazi ileile iliyohamishiwa kwenye mchanga, ikaongezwa kubeba. Anaamka mapema kuliko siku ya shule na analala mwisho, baada ya kufua nguo zilizojaa chumvi na kuosha masufuria.

Dawa yake haihitaji pesa nyingi, inahitaji baba kukubali aibu ndogo. Chakula kiwe cha kununua au kiwe chepesi: mkate wa mofa, samaki wa kukaanga, matunda. Ikishindikana, watoto na baba waende, mama abaki nyumba ikiwa tupu. Wanaume wengi hudhani huko ni kumbagua mama. Waulize wanawake wenyewe ni lini mara ya mwisho nyumba ilikuwa tupu na wao wamo ndani.

Wanawake wa pwani wana mchezo wao pia, na ni mkubwa: harusi. Usiku wa kupamba, wanawake peke yao, nguo, udi, taarabu, vicheko mpaka usiku wa manane. Anayetoka pale amechoka miguu lakini uso umefunguka. Kwa mwalikwa, hilo nalihesabu kama siku ya mapumziko iliyo halali kabisa. Kwa shangazi wa bibi harusi, aliye jikoni tangu juzi na anayedaiwa sare, hapana. Na tatizo la wikendi za Mombasa ni kwamba shughuli hazishi: harusi, hitima, chama, mkutano wa ukoo, kumjulia hali mgonjwa. Siku moja ya wiki ikikatwa vipande vinne vya shughuli, hakuna kinachobaki. Wenye busara wanachagua wikendi mbili za mwezi kwa ajili ya watu na mbili kwa ajili ya nyumba yao, na wanazitangaza mapema ili lawama zije mapema.

Ukitaka kitu tofauti na ufuo, Haller Park, Bamburi, inastahili siku moja. Mahali pale palikuwa machimbo ya mawe ya kutengenezea saruji, pakame kabisa, hadi René Haller alipoanza kupanda miti mwaka 1971. Sasa ni msitu wenye twiga, viboko na kobe wakubwa, na watoto wakubwa wataipenda hadithi ya Owen, kiboko mdogo aliyepotezana na wenzake wakati wa tsunami ya Desemba 2004 akaletwa pale na kumganda kobe mzee aitwaye Mzee. Kuna kiingilio, kwa hivyo si ya kila wiki. Fort Jesus nayo ina kiingilio, lakini raia hulipa kidogo kuliko wageni, na inashangaza ni Wamombasa wangapi wazima wanaoipita kila siku bila kuingia tangu safari ya shule. Kuta zile zilijengwa kati ya 1593 na 1596. Ndani kuna vivuli na viambaza vya kuegemea, na asubuhi ya siku ya kazi pametulia.

Wiki tatu za mwaka

Sheria ileile ya 2007 inampa mwajiriwa likizo isiyopungua siku 21 za kazi, kwa malipo kamili, baada ya kila miezi 12 ya utumishi. Mwajiri na mfanyakazi wakikubaliana inaweza kugawanywa, ila kwa kawaida kipande kimoja kiwe wiki mbili za kazi mfululizo, kichukuliwe ndani ya mwaka wenyewe, na salio lichukuliwe kabla ya miezi 18 kupita tangu mwaka huo uishe. Mwenye kibanda, bodaboda na fundi wa kujitegemea hawana mtu wa kuwapa hata siku moja ya hizi, kwa hiyo njia hii ya tatu inawaacha nje tangu mlangoni.

Kwa aliye nayo, ni tamu. Lakini inaisha upesi kuliko tunavyodhani. Jessica de Bloom na wenzake Uholanzi walikusanya tafiti zilizopita kuhusu likizo na kutoa matokeo mwaka 2009: nafuu ya afya na furaha ipo, ila inayeyuka ndani ya wiki mbili hadi nne baada ya kurudi kazini. Baadaye wakawafuatilia watu waliochukua likizo ndefu, wakaona raha ilipanda hadi kilele karibu na siku ya nane, na wiki ya kwanza tu ya kurudi kazini ikaipukutisha. Kwa maneno ya maskani: wiki ya tatu ya likizo haikuongezei kama ya kwanza. Mwenye siku 21 anafaidi zaidi akichukua wiki mbili wakati fulani ndani ya mwaka, na siku zilizobaki akazitawanya kuunganisha wikendi na Idd, Pasaka au Mashujaa.

Lipo jingine ambalo tafiti za Uholanzi hazikulikuta. Likizo ya wengi hapa mjini ni "kwenda nyumbani", Taita, Ukambani, Kisii, Nyanza, au Lamu kwa mwenye asili ya huko. Mtu anapanda Madaraka Express au basi la usiku, anafika, na siku ya pili anasimamia fundi wa paa. Siku ya nne kuna kikao cha shamba. Wiki inayofuata kuna mazishi, na aliyetoka mjini ndiye anayetazamwa mfuko. Anarudi Mombasa bila senti, mgongo unauma, na wenzake kazini wanamwambia, "Umenawiri!" Sisemi watu wasiende makwao. Nasema safari hiyo iitwe kwa jina lake, wajibu, isihesabiwe kwenye kitabu cha mapumziko. Ukiwa na wiki mbili, wiki moja iwe ya wajibu na moja ubaki Mombasa hapahapa, simu ya kazi imezimwa, ukiishi kama mgeni katika mji wako: Jumatano asubuhi ufuo ni mtupu.

Zikikaa bega kwa bega

Kwa mfuko, jioni ni bure au karibu na bure, siku ya wiki inagharimu nauli na chakula cha familia, likizo inagharimu kile ulichoweka na mara nyingi kile ulichokopa. Kwa kudumu, jioni inadumu usiku mmoja lakini inajirudia. Siku ya wiki inakufikisha kama Jumatano. Likizo haifiki mwezi. Kwa kulindwa, mpangilio unageuka: likizo ina karatasi iliyotiwa saini, siku ya wiki ina sheria lakini inaliwa na shughuli, jioni haina mlinzi isipokuwa wewe. Kwa watoto siku ya wiki inashinda bila mjadala. Kwa mama wa nyumbani zote tatu zinaweza kuwa kazi, na ikiwa lazima nichague moja kwa ajili yake nachagua jioni mbili za wiki zilizo zake hasa, mtu mwingine akiwa jikoni, kuliko Jumapili nzima ya kupakua.

Sasa kazi yako ni ipi?

Ukiwa wa ofisini, mwalimu, karani, mtu wa benki, huna sababu ya kuikosa jioni. Anza nayo.

Wakala wa forodha na dereva wa trela, adui yenu ni simu na foleni, na jioni yenu haina saa maalumu. Shikeni siku ya wiki, na mtu mwingine apokee simu siku hiyo kwa makubaliano ya kupokezana: leo unanishikia, kesho nakushikia. Wenye ofisi ndogo za watu wawili wanafanya hivyo na mizigo inatoka.

Wa shifti za bandarini na viwandani msifuate kalenda ya mtu mwingine. Ukitoka zamu ya usiku, usingizi ndio mapumziko ya kwanza, na mchezo uje baada ya kuamka, si kabla. Nimewaona vijana wanatoka zamu asubuhi wanaingia moja kwa moja uwanjani, wanajisifu. Wiki ya pili hawaonekani.

Mwenye duka au kibanda, wewe ndiwe kesi ngumu, kwa sababu bosi wako ni wewe na ni bosi mbaya. Unaogopa kufunga kwa hofu kwamba mteja akienda kwa jirani hatarudi. Jaribu hesabu hii kabla ya kukataa: andika mauzo ya kila saa kwa wiki mbili. Karibu kila duka lina saa zilizokufa, na mara nyingi lina nusu siku iliyokufa pia. Jumatatu asubuhi kwa wengine, Ijumaa kuanzia saa sita kwa maduka ya Mji wa Kale, ambako saa hizo wateja wenyewe wapo msikitini. Funga hapo, bandika kibao chenye saa ya kufungua, na uifuate saa hiyo kama deni. Mteja huudhika akikuta mlango umefungwa bila habari; akijua saa, hungoja. Nusu siku hiyo ya katikati ya wiki ina faida ya pili: Pirates, Mama Ngina na hata kinyozi hakuna foleni.

Na mfanyakazi wa hoteli. Watu wakistarehe ndipo unapochoka zaidi, Desemba, Pasaka, Agosti. Likizo yako itaangukia miezi ya masika, kuanzia Aprili mwishoni hadi Juni, hoteli zikiwa tupu, mvua inanyesha, na kusi inajaza ufuo majani ya bahari. Usiipange kwa ajili ya ufuo, utaikasirikia mvua bure. Shule hufungwa kwa muda mfupi mwezi wa Aprili, kwa hiyo omba siku zako zianzie hapo uwapate watoto mapema. Kalenda ya shule hutolewa kabla ya mwaka kuanza, na ombi la likizo linalofika Januari husikilizwa kabla ya lile la Machi.